Jua Nalo Lina Warithi

Wallahi nyumba ya Mji Mkongwe msiitamani. Mgeni anapita kichochoroni, anaupiga picha mlango wangu wa njumu, anasema byutifuli, anakwenda zake hotelini kwenye kiyoyozi. Mlango wenyewe unafunguka nusu. Mie naingia ubavu. Tangu mji huu uingie orodha ya UNESCO mwaka 2000, hata msumari wa kutundikia kofia nikiugonga naona kama naiibia dunia nzima.

Sasa limezuka la kaboni. Mtoto wa dada yangu yuko chuo, kaja na daftari, kakaa sebuleni. "Mjomba, nyumba yako inachafua hewa." Nikadhani anasema choo. Nikaanza kujitetea. Kumbe anahesabu AC, friji la mtumba la Dubai, na makaa ya mama watoto. Nikamwambia wee, Desemba 2009 umeme wa kutoka bara ulikatika, Unguja tukakaa gizani mpaka Machi 2010. Kipindi kile chote sikuchafua kitu, nilichafuka mimi. "Na majenereta?" Jenereta lilikuwa la jirani. Moshi ulikuwa puani mwangu. Hesabu yake niandikiwe mie?

Haya, tufunge sola. Nikaenda ofisi inayohusika. Kijana wa pale kaniuliza, paneli itaonekana kutoka njiani? Nikamjibu, mbona jua lenyewe linaonekana. Hakucheka. "Mzee, haiba ya mji." Niweke upande wa nyuma. Upande wa nyuma kuna ghorofa la watu, jua linanipigia hodi adhuhuri na kuniaga papo hapo. Halafu lete mchoro. Lete picha. Lete hati ya nyumba.

Hati! Nyumba iko kwa jina la babu, na babu tumeshamsomea hitima wengi wetu hatujaota ndevu. Warithi wako Muscat, wako Mombasa, wako London. Nikafungua grupu la WhatsApp niombe ridhaa tu, basi. Shangazi wa London akauliza huo umeme tutagawana vipi. Binamu wa Mombasa akajibu kwa faraidhi, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Lo! Shangazi akatuma sauti, sikuimaliza, nilikuwa mbele ya watoto. Jua la Mwenyezi Mungu halijagusa bati langu, tayari lina mirathi na kesi.

Fundi akapanda kupima paa. Mie nimejilaza chini nasubiri majibu. Majibu yakaja, mguu mzima na kiatu chake, ukaning'inia darini. Boriti zimeliwa na mchwa. Fundi anasema paneli hazikai hapa mpaka boriti zibadilishwe. Zibadilishwe kwa nini? Kwa mikoko, ndivyo zilivyo nyumba hizi. Mpwa wangu akaruka. "Mjomba, usithubutu! Mikoko inatunza kaboni kuliko misitu mingi ya nchi kavu!" Nikabaki nautazama ule mguu.

Gesi nayo, ya kupikia badala ya makaa, msinitajie. Gari halifiki mlangoni, mtungi unakuja kwa bega la mtu, na mwenye bega akiziona ngazi zangu zilivyosimama anaongeza bei kwa kila ngazi.

Mpwa akaja na jingine. Tung'oe AC. Wazee walijenga nyumba zijipoze zenyewe. Kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, unene nusu mita na zaidi, dari juu, ua katikati upepo unapanda. Sikatai. Ila ua marehemu baba aliufunika mabati akapata stoo. Kuta zikapigwa saruji, ndiyo ilikuwa fasheni. Saruji inafungia unyevu ndani, ukuta unatema chumvi, rangi inabanduka. Nikiegemea, kanzu inatoka na ramani ya Pemba. Basi saruji ibanduliwe, irudi chokaa. Chokaa ya kienyeji inapatikanaje? Mawe yanapangwa juu ya magogo, yanatiwa moto, moshi mpaka baharini. Nikamtazama mpwa. Akajifanya anatafuta kalamu.

Likabaki moja la bure, kuyatoa yale mabati ya ua upepo uingie. Nikaliandika kwenye grupu kwa adabu zote. Ami wa Muscat akapiga simu mwenyewe. Akaniusia sana. Nyumba ya wazee, mwanangu, ni amana. Joto lilikuwepo tangu enzi za babu na babu alivumilia, nami nivumilie. Nyuma ya sauti yake nasikia AC inanguruma, na mtu anaomba ipunguzwe kwa sababu ya baridi. Ila mabati kayaridhia, yatolewe. Fundi nimlipe mimi, maana upepo ntakula peke yangu. Na mabati yakiuzwa, fungu lake nimtumie Muscat.