Samahani, Afande: Uainishaji wa Awali wa Kuuliza Njia kwa Kihispania

Kuuliza njia ni tendo lenye viungo vitatu: swali, jibu na mwendo. Vijitabu vya maneno ya safari vimekishughulikia kiungo cha kwanza kwa bidii ya kupigiwa mfano, cha pili vimekigusa kwa ncha ya kidole, na cha tatu vimemwachia msomaji na miguu yake. Ndiyo maana kila majira ya joto mitaa ya Madrid, Sevilla na Barcelona hujaa watu wanaouliza vizuri mno na kuelewa robo ya wanachojibiwa. Pengo hilo huonekana vizuri zaidi mbele ya askari polisi. Mpita njia usiyemwelewa unamshukuru, unakata kona, unamuuliza mwingine. Askari hafanyiwi hivyo. Anasimama palepale akikutazama mpaka uanze kutembea, na ukielekea siko, anakuita.

Mipaka ya utafiti huu ni Hispania peke yake. Kihispania huulizwa na kujibiwa kuanzia Malabo hadi Tijuana, na kila mahali kina tabia zake. Mjini Managua, ambako tetemeko la Desemba 1972 liliangusha katikati ya mji, wenyeji waliendelea kuwaelekeza watu kwa majengo yaliyokwisha kuanguka, na kaskazini huko ni “upande wa ziwani”. Hayo yanahitaji kitabu chake, na mwandishi mwenye subira kuliko huyu.

Tuanze na anayeulizwa. Mgeni huja akidhani Hispania ina jeshi la polisi, kumbe ina majeshi. Ipo Guardia Civil, iliyoundwa mwaka 1844, yenye sare ya kijani na ile kofia nyeusi ya tricornio ambayo siku hizi huonekana zaidi kwenye magwaride. Hawa ni wa vijijini, barabara kuu, bandari na viwanja vya ndege, na nidhamu yao ni ya kijeshi. Policía Nacional, wenye sare ya buluu iliyokoza, walipata umbo lao la sasa kwa sheria ya mwaka 1986, na miji mikubwa iko mikononi mwao. Manispaa nazo zina polisi wao. Tena Wakatalunya wana Mossos d'Esquadra, waliokabidhiwa Barcelona mwaka 2005. Wabaski wana Ertzaintza tangu 1982. Navarra ina Policía Foral. Hata simu zimegawana: 091 ni polisi wa taifa, 062 ni Guardia Civil, 092 ni wa manispaa katika miji mingi. Aliyechanganyikiwa apige 112, nayo itajua imsukumie nani.

Mgawanyo huo ni wa kisheria na kwa kazi yetu haufai sana, maana aliyepotea hapotei kisheria. Sisi tumewapanga kwa namna wanavyojibu. Yupo Mhesabu Kona, aghalabu wa manispaa, ambaye kwake mji mzima ni namba: ya kwanza, ya pili, ya tatu kushoto. Yupo Mwanahistoria, mwenye mvi, anayekuelekeza kwa kutumia sinema iliyofungwa kabla hujazaliwa. Na yupo Mpiga Saluti, wa Guardia Civil. Huyu, kabla hajasema neno, anapandisha mkono kwenye kofia, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa kumkabili raia. Mgeni aliyetoka nchi ambako raia hapigiwi saluti hutazama nyuma kuona ni mkubwa gani anayepita. Akigeuka tena, ameshaitwa caballero, yaani bwana, ameshajibiwa, na nusu ya jibu imeshakwenda na upepo.

Huyo huyo Mpiga Saluti, ukimuuliza iliko comisaría, atakupeleka kwa watu wengine kabisa. Comisaría ni kituo cha polisi wa taifa. Cha Guardia Civil huitwa cuartel, na juu ya mlango wake kumeandikwa Todo por la Patria, yaani yote kwa ajili ya nchi. Msafiri aliyeibiwa begi kijijini, akauliza comisaría akiwa amesimama chini ya maandishi hayo, anaweza kuelekezwa mji wa pili, kwa adabu zote.

Sasa swali. Sentensi inayotawala uwanja mzima ni hii: Perdone, agente, ¿dónde está la comisaría más cercana? Yaani: samahani, afande, kituo cha polisi kilicho karibu zaidi kiko wapi? Msafiri huikariri ndani ya ndege, hotelini, na kwa mara ya mwisho hatua chache kabla ya kumfikia mhusika, midomo ikicheza. Katika kuichunguza tumefikia kanuni tunayoiita Kanuni ya Uwiano Kinyume: kadiri swali linavyoulizwa vizuri, ndivyo jibu linavyokuwa halieleweki. Sababu si fumbo. Askari hana kipimo kingine cha Kihispania chako zaidi ya sentensi uliyomtolea. Ukiivuruga, anapunguza mwendo, anakata maneno, anatumia vidole. Ukiitoa sawasawa, na heshima ya usted mahali pake, anakuchukulia kuwa mtu mzima mwenye lugha yake, naye anakujibu kama anavyomjibu jirani yake.

Katika hili hakuna aliye hatarini kuliko Mswahili. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na zote Mswahili anazo tangu utotoni. Maneno yake mengi yanayoishia kwa irabu hukaziwa silabi ya pili kutoka mwisho, kama yetu. Mwingereza anayeuliza comisaría hujulikana kuwa mgeni kabla hajafika katikati ya neno, na hiyo ndiyo salama yake. Mtu wa Tanga au Mombasa aliyekariri sentensi moja tu anaitoa ikiwa safi kama ya mzaliwa wa Valladolid, kisha anabaki amesimama huku ghala zima la lugha linamwagwa kichwani mwake. Wanaotunga vijitabu kwa ajili yetu wafikirie kutufundisha kukosea. Sentensi yenye kasoro mbili zilizopangwa vizuri ingempatia msafiri jibu la pole pole, na pengine ramani.

Jibu ndilo lililokosa wasomi, kwa hiyo tutalikalia kitako. Tumweke mwulizaji wetu Puerta del Sol, Madrid, mbele ya jengo la Real Casa de Correos. Miguuni pake kuna kibao cha Kilomita Sifuri, ambapo barabara kuu sita zinazotawanyika kutoka mji mkuu huanza kuhesabiwa. Jengo lenyewe leo ni makao ya serikali ya mkoa. Wakati wa dikteta Franco lilikuwa makao makuu ya usalama, na waliokuwa wakipelekwa huko hawakuhitaji kuuliza njia. Kwa mwanataaluma hapa ni mahali pazuri pa kufanyia kazi: barabara zote zinaanzia kwenye kibao hiki, na watu waliopotea wamekikanyaga pande zote wakijipiga picha.

Mwulizaji ameibiwa pochi. Anatoa sentensi yake. Askari anajibu: suba por Preciados hasta Callao, siga hasta Santo Domingo y baje por Leganitos. No tiene pérdida. Panda mtaa wa Preciados hadi Callao, endelea hadi Santo Domingo, teremka Leganitos. Ni jibu sahihi, fupi, lisilo na kosa hata moja, na lina majina manne ya mitaa na viwanja ambayo mgeni hajapata kuyasikia, yaliyounganishwa kwa vitenzi vitatu vilivyotamkwa kwa pumzi moja. Sikio la mgeni linafanya kazi ya nyavu zenye matundu makubwa: linabakiza Preciados, kwa sababu limekaa mwanzoni, na Leganitos, kwa sababu limekaa mwishoni. Kupanda na kuteremka vimepita. Na ni hivyo vilivyokuwa vinahitajika.

Ile kauli ya mwisho, kwamba haina namna ya kupotea, tumeikuta katika majibu ya kila jamii ya askari, na tunaihesabu kuwa muhuri. Askari anaigonga ili ieleweke kwamba kwa upande wake shauri limekwisha. Kuhusu ugumu wa njia haituambii kitu. Njia iliyo rahisi kweli huonyeshwa kwa kidevu tu.

Muhuri ukishagongwa, mwulizaji hujibu sí. Tumetenga aina tatu za ndiyo hii. Ya kwanza ni ndiyo ya adabu, inayosemwa mara moja, huku kichwa kikiinama. Ya pili ni ndiyo ya woga, inayosemwa mara mbili mfululizo kabla askari hajamaliza. Ya tatu ni ndiyo ya kuomba iishe, inayoambatana na hatua moja ya kurudi nyuma. Ndiyo ya kuelewa inatajwa na waandishi wa vijitabu. Sisi hatujaipata.

Mkono wa askari, kwa upande mwingine, husema kweli, na mwenye busara huziba masikio akautazama. Tatizo ni kwamba mkono huelekeza kutoka pale aliposimama askari, naye amekuelekea wewe, kwa hiyo kulia kwake ni kushoto kwako. Wazoefu hugeuka wakasimama begani kwake, wakitazama anakotazama. Kwa polisi hilo lifanywe taratibu, na mikono ionekane.

Barcelona imelitatua jambo hili kwa namna yake. Mtaa wa Eixample, uliopangwa na mhandisi Ildefons Cerdà katikati ya karne ya 19, ni miraba ya takriban mita 113 kila upande, kona zake zimekatwa, na kila makutano yanafanana na yaliyotangulia. Kulia na kushoto hapo vimekufa kifo cha kawaida. Askari wa Mossos atakwambia uende upande wa mlimani, au wa baharini. Mgeni anatazama juu atafute mlima, anaona vibaraza na nguo zimeanikwa. Ushauri wetu ni autafute kwa miguu: mji unapanda polepole kutoka pwani, na mashavu ya miguu yatajua kabla ya macho. Mtu aliyekulia Upanga au Nyali, ambaye bahari kwake ni dira tangu azaliwe, anafaulu mtihani huu kuliko profesa wa Kihispania kutoka bara.

Albaicín, Granada, ndiko jibu linakosa maneno. Ni mtaa wa vichochoro uliorithiwa kutoka kwa Waislamu waliotawala mji huo hadi 1492, na aliyezoea Mji Mkongwe wa Zanzibar atajiona nyumbani, maana yake atapotea kwa utulivu. Askari wa huko huanza kuelekeza, husita, hutazama kichochoro, humtazama mgeni, kisha huanza kutembea mbele. Hili ni Jibu la Miguu, na ndilo bora kuliko yote. Lina hasara moja: mtaa mzima unakuona ukipita nyuma ya polisi.

Ipo pia jamii ambayo mwulizaji ni askari, na mwenye kutakiwa kujibu ni mpita njia. Swali lake ni fupi: documentación. Haliulizwi kwa wote kwa usawa. Tarehe 6 Desemba 1992, Rosalind Williams, mzaliwa wa Marekani aliyekuwa raia wa Hispania tangu 1969, alishuka kwenye treni Valladolid akiwa na mumewe na mtoto wao. Askari wa Policía Nacional alimwendea yeye, mweusi, akataka kitambulisho, mumewe hakuulizwa. Alipotaka kujua kwa nini, aliambiwa wazi kwamba ni kwa sababu ya rangi yake. Mwaka 2001 Mahakama ya Katiba ya Hispania haikuona ubaya. Mwaka 2009 Kamati ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa iliuona. Kwa hiyo msafiri kutoka kwetu, anayejiandaa kwa wiki nzima kuuliza, ajiandae na kuulizwa, na pasipoti aiweke mahali ambapo mkono unaifikia bila haraka. Kwa swali hili lafudhi nzuri haisaidii wala haidhuru.

Turudi kwa yule wa Puerta del Sol. Amefika Leganitos namba 19, baada ya kuuliza tena Callao na tena Santo Domingo, na kumbe amefika mahali penyewe: kituo hicho kina huduma maalumu kwa watalii wa kigeni, yenye wahudumu wa lugha kadhaa. Foleni ni ya watu wa aina yake. Wengine bado wameshika mkanda wa begi uliobaki baada ya begi kukatwa.

Ofisa anachukua maelezo, na hapo mpangilio wetu wote unapinduka, kwa sababu sasa ni polisi anayeuliza njia. Ilitokea mtaa gani? Karibu na kona ipi? Mlikuwa mmetoka wapi, mnaelekea wapi? Mwizi alikimbilia upande gani? Mgeni anavuta pumzi. Maneno ya njia aliyonayo ni yale tu aliyolishwa na maaskari tangu asubuhi, na anayatoa yote kwa mpangilio ule ule, kwa irabu safi: alipanda Preciados, akaendelea, akateremka. Ofisa anaandika bila kuinua kichwa. Kwa maelezo hayo, mwizi amekimbilia kituoni.