Stika Haina Harufu ya Pombe

Kwa Kamishna wa Bima,
Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania (TIRA),
Dodoma.

YAH: PONGEZI KWA KUTOMSUMBUA DEREVA ALIYETIWA HATIANI KWA ULEVI

Ndugu Kamishna,

Kichwa cha habari hapo juu chahusika. Watembea kwa miguu wa Bukoba na Muleba wanawasilisha pongezi zao za dhati kwa mfumo wa bima ya lazima ya magari, kwa kuwa mfumo huo umefaulu kulijua gari kwa namba yake ya usajili, aina yake, matumizi yake na idadi ya viti vyake, bila kuingiwa hata siku moja na udadisi wa kutaka kujua ni nani anayeliendesha na amekunywa nini kabla ya kuliwasha.

Ili barua hii isomwe pia na wasio wataalamu, inafaa istilahi zake zifafanuliwe mapema. Sheria ya Bima ya Vyombo vya Moto, Sura ya 169, inakataza chombo cha moto kutumika barabarani bila bima ya kulinda upande wa tatu, ambayo mitaani huitwa bima ndogo ili itofautishwe na bima kubwa, yaani ile inayolinda pia gari la mwenyewe. Upande wa kwanza ni mwenye gari, upande wa pili ni kampuni ya bima, na upande wa tatu ni mtu ambaye hakutia saini popote, hakulipa ada yoyote na hakuwa na habari kwamba kuna mkataba unaomhusu, mpaka siku alipogongwa. Waandishi wa barua hii ni upande wa tatu wa kudumu, na wanaishika nafasi hiyo kila asubuhi wanapotoka nyumbani.

Mazingira yao yanafahamika. Barabara itokayo Rwamishenye na kupita Kemondo na Muhutwe hadi Muleba hukatiza migombani na kwenye makazi, hivyo mwanafunzi aendaye shule, mama mwenye mkungu wa ndizi kichwani na mzee akokotaye baiskeli hugawana ukingo mmoja wa lami. Mkoa wao wa Kagera umejaliwa rubisi, pombe itokanayo na ndizi mbivu na mtama uliokaangwa, na kutokana na hiyo watu hukeneka kinywaji kikali kiitwacho enkonyagi, mbali na bia za chupa ambazo haziadimiki. Desemba ifikapo, wana wa Kagera waishio Dar es Salaam na Mwanza hurudi nyumbani na magari yao, na kwa kuwa mgeni hakaribishwi kwa maji matupu, jioni za mwezi huo huzalisha madereva wenye furaha kuliko barabara inavyoweza kuwabeba.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, haikulala usingizi juu ya jambo hili. Kiwango cha kilevi inachoruhusu kwa dereva wa kawaida ni miligramu 80 katika mililita 100 za damu, kiwango chenye ukarimu kikilinganishwa na miligramu 50 zinazopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kuwa kikomo, na mahakama imepewa uwezo wa kutoza faini, kufunga, na kusimamisha au kufuta leseni ya aliyetiwa hatiani. Mpaka hapo dola imetimiza wajibu wake. Kinachostahili pongezi ni kile kinachofuata, kwa sababu hatia hiyo, ikishalipiwa faini na kuwekwa kwenye jalada, haiongezi hata senti moja katika bei ya stika, yaani uthibitisho kwamba gari limelipiwa bima.

Bima ndogo ya gari dogo la binafsi imekuwa ikilipiwa Sh 118,000 kwa mwaka, yaani ada ya Sh 100,000 na Kodi ya Ongezeko la Thamani ya asilimia 18 juu yake. Kiasi hicho hulipwa na katekista wa Rubya asiyeonja divai nje ya misa, hulipwa na mwalimu wa madrasa wa Hamugembe asiyeionja kabisa, na hulipwa na dereva aliyetiwa hatiani mara mbili kwa kuendesha akiwa amelewa. Usawa wa kiwango hiki haukufikiwa hata na Azimio la Arusha. Ieleweke pia kwamba ada ya bima, kwa kanuni ya taaluma yenyewe, ni bei ya hatari, na penye watu wa hatari tofauti wanaotozwa bei moja, mwenye hatari ndogo humchangia mwenye hatari kubwa. Kwa hiyo katekista na mwalimu wa madrasa, bila kukusudia na kinyume cha mafundisho yao, ni wafadhili wa kilabu cha pombe.

Mataifa mengine hayana moyo huu. Katika majimbo mengi ya Marekani, dereva aliyetiwa hatiani kwa ulevi hudaiwa hati iitwayo SR-22, ambayo si bima bali ni uthibitisho unaowasilishwa serikalini na kampuni ya bima kwamba mteja wake anayo bima inayotakiwa, na aghalabu hudaiwa kwa muda wa miaka 3. Bima hiyo ikikatika, kampuni inalazimika kuitaarifu serikali, nayo husimamisha leseni. Majimbo ya Florida na Virginia yamekwenda mbali zaidi kwa kutumia hati nyingine, FR-44, inayomtaka dereva wa aina hiyo awe na kinga ya kiasi kikubwa kuliko wengine. Huko, kosa humfuata mkosaji hadi dirisha la bima, jambo ambalo kwa mila za ukarimu za Kagera lingeonekana kuwa ni kumwandama mtu.

Pamoja na wema wote anaotendewa, dereva mwenye hatia bado hujikwaa mwenyewe, na ni haki atajiwe anapojikwaa. Kwanza, huamini kwamba stika inamlinda hata akiwa amelewa, wakati mikataba ya bima ya magari kwa kawaida huuweka ulevi wa dereva katika orodha ya mambo yasiyokingwa, kiasi kwamba gari lake lililotumbukia bondeni halitalipwa, na kampuni iliyolazimika kumfidia majeruhi inaweza kumgeukia yeye na kumdai kilichotolewa. Pili, akisimamishiwa leseni huendelea kuendesha kwa kuwa stika haijaisha muda, asijue kwamba mkataba humtambua dereva mwenye leseni halali tu, na kwamba stika hai mikononi mwa mtu asiye na leseni ni pambo. Tatu, akikata bima kubwa huificha hatia yake kwenye fomu ya maombi, au huliandikisha gari kwa jina la shemeji, ingawa mkataba wa bima umejengwa juu ya uaminifu wa hali ya juu, yaani wajibu wa mwombaji kueleza kila jambo ambalo lingebadilisha uamuzi wa kampuni, na uongo ukigundulika siku ya madai mkataba unaweza kubatilishwa. Nne, anapogonga, humaliza mambo kienyeji kwa noti chache na ahadi ya mkungu, hivyo polisi hawapewi taarifa, majeruhi hapati fomu ya polisi ya matibabu, PF3, kwa wakati, na kampuni ya bima hupata sababu njema ya kusema kwamba haikuarifiwa.

Katika makosa yote manne, Ndugu Kamishna, mkosaji ni upande wa kwanza, anayejitetea ni upande wa pili, na anayelala hospitali ya Ndolage na mguu uliovunjika ni upande wa tatu. Majeruhi huyo huelekezwa kufungua madai kwa kampuni, na akikataliwa anaelekezwa kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ambaye ofisi yake ilianzishwa kwa Sheria ya Bima ya mwaka 2009, ilimradi awe na nauli, nakala za hukumu, na mguu wa kumfikisha huko.

Kwa kuthamini utulivu uliopo, waandishi wanaishauri Mamlaka isithubutu kufanya mambo matatu. Isiunganishe kumbukumbu za hukumu za ulevi na mfumo wa kielektroniki unaotoa stika, maana wakala wa bima pale Bukoba mjini anaweza kushtuka akiona kwenye kompyuta yake kwamba mteja aliyesimama mbele yake amefungiwa leseni. Isiruhusu ada ya bima ndogo ipande kwa mwenye hatia na ishuke kwa dereva aliyekaa miaka mingi bila kosa, maana katekista angebaki na chenji na kilabu kingepoteza mfadhili. Na isiagize kampuni zimlipe kwanza majeruhi asiye na hatia, halafu ndipo zimwandame mlevi kwa muda wao na kwa mawakili wao, maana kwa utaratibu huo mzigo wa kumdai mlevi ungehama kutoka kwa mtu mwenye magongo kwenda kwa taasisi yenye idara ya sheria.

Endapo mambo hayo yatafanyika kwa bahati mbaya, dereva mlevi wa Muleba ataanza kuulipia ulevi wake kwa fedha zake mwenyewe, mbele ya dirisha lilelile ambako wasiokunywa wamekuwa wakimlipia.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Upande wa Tatu,
Ukingoni mwa barabara ya Bukoba–Muleba, Kagera.

Nakala: Kikosi cha Usalama Barabarani, Mkoa wa Kagera.