Mhadhara wa Hewa Safi, Ulioandaliwa na Kusifiwa na Mimi Mwenyewe

Mheshimiwa mwenyekiti wa mtaa, wazee wangu, kina mama, na nyie vijana wa bodaboda mliofuata kivuli: tulieni. Mbele yenu amesimama Mtaalamu Mkuu wa Hewa, Manzese na vitongoji vyake. Cheo hiki nilijipa mwenyewe, kwani sikuona mwingine mwenye sifa za kunipa. Nimevuta hewa tangu nizaliwe bila kupumzika hata siku moja. Nani hapa ana uzoefu huo? Msijibu.

Sasa naifunua kanga. Tazameni! Mashine ya kusafisha hewa ya chumba kizima: vumbi la barabara, moshi wa takataka anazochoma jirani kila Jumamosi, yote yanaingia humu na hayatoki.

Naona mnatazamana. Ndiyo, ile ya juu ni feni. Ndiyo, ile ni selotepu. Jicho lisilosoma litaona filta nne za AC, kila moja inchi 20 kwa 20, zimesimamishwa pande nne, kadibodi chini, feni ya mraba imelazwa juu ikipuliza kuelekea dari. Jicho lililosoma nalo linaona hivyohivyo, ila linaona kwa uchungu, maana linajua kwamba hakuna zaidi.

Chanzo chake ni mwaka 2020, Corona imepamba moto. Richard Corsi, profesa wa uhandisi huko Marekani, alitoa wazo la kuunganisha filta kadhaa kwenye feni moja. Jim Rosenthal, mwenye kampuni ya filta Texas, akaliunda boksi mwezi Agosti. Mpaka hapo sina ugomvi nao. Lakini Rosenthal akalipa boksi jina la Corsi, na Corsi naye akasema sifa hasa ni za Rosenthal! Watu wazima wawili wanasukumiana heshima hadharani, halafu wanamwachia kila mtu aunde bila kuwalipa senti. Wanafunzi wakaanza kuyaunda shuleni kwao. Watoto! Nawauliza, sisi wataalamu tutakula wapi?

Tuingie kwenye sayansi. Mwenye moyo mwepesi akanywe maji. Nyie mnadhani filta ni chujio la nazi: kikubwa kinabaki, kidogo kinapita. Aibu. Chembe zinazotusumbua mapafu ni zile zisizozidi maikromita 2.5, kama moja ya thelathini ya unene wa unywele. Ndani ya filta kuna msitu wa nyuzi. Chembe kubwa inakuja kwa kasi, inashindwa kukata kona, inajibamiza kwenye uzi. Chembe ndogo kabisa inagongwagongwa na molekuli za hewa, inayumba huku na huku mpaka inanasa. Mjanja ni wa katikati, wa maikromita 0.3 hivi: mwepesi wa kukata kona, mzito wa kuyumbishwa. Filta za HEPA hukamata 99.97% ya hao. Hizi zangu ni za daraja la MERV 13, na daraja hilo linadai zinase angalau nusu ya chembe za kati ya maikromita 0.3 na 1.

“Nusu tu?” Nani kasema? Shemeji, nilikualika kwa heshima ya dada yako. Hewa ya chumba haipiti mara moja ikaaga. Inapita, inarudi, inapita tena, na kila mzunguko uchafu unapungua. Na kwa kuwa filta ni nne, upepo unagawanyika, kila filta inapitisha robo tu, polepole, feni haikabwi. Nilitaka kuiita Kanuni Kuu ya Mgawanyo, na kuipa jina langu, mpaka binti yangu wa darasa la nne akasema hiyo ni kugawanya kwa nne.

Mafundi, sikieni. Ubavuni mwa filta pana mshale. Uelekee ndani ya boksi. Kwenye pembe za feni hewa hurudi ndani kwa mlango wa nyuma, kwa hiyo kata kadibodi yenye tundu la mviringo, uzibe pembe zote. Filta ikiwa nyeusi, badilisha. Usiifue! Nyuzi zake zina chaji ya umeme inayovuta chembe, na maji ya sabuni yanaimaliza. Kama feni ya mraba haipatikani, ya mviringo inafaa, mradi kadibodi izibe pembeni. Na madirisha yafungwe, la sivyo unasafisha hewa ya wilaya nzima. Najua ni Januari, najua joto. Umeme ukikatika, mashine hii ni meza nzuri ya kahawa.

Mama wa nyuma kabisa anauliza: je, sasa anaweza kulala na jiko la mkaa chumbani, boksi likiwaka? Hapana, mama. Hapa naweka mbwembwe kando. Filta inanasa chembe, gesi inapita. Kaboni monoksaidi ya mkaa haina rangi wala harufu, na inaua watu usingizini. Jiko libaki nje, uwe na boksi moja au kumi.

Yule kijana wa bodaboda anayenipiga picha tangu mwanzo, nakuona. Umeshapima kadibodi kwa shubiri mara mbili, na umemuuliza shemeji bei ya selotepu. Kuunda bila idhini yangu ni kosa, ingawa bado natafuta ni kosa la sheria gani.

Maswali hayapokelewi tena. Vyeti vya kuhudhuria viko kwa binti yangu pale mlangoni, shilingi elfu tano. Waliosinzia ni elfu saba, kwa sababu vyao nimeviandika “kwa ufaulu wa juu” ili wasigombane na wake zao.