Mhandisi na Mizani 16
Mwanafunzi wa uhandisi anapolazimishwa na mtaala kuchukua somo moja la sanaa, na kuambiwa atunge tarbia, yaani shairi la mishororo minne katika kila ubeti, ambalo kwa kawaida kila mshororo wake huwa na mizani 16, nane katika ukwapi na nane katika utao, hulalamika kwamba anapotezewa muda, ingawa kazi hiyo ni hesabu na yeye ndiye ajigambaye kuwa hesabu ndiyo fani yake. Daraja hulichora bila kutetemeka. Silabi ya 17 humtoa jasho. Hata hivyo, ubunifu wake halisi haumo katika shairi, ambalo vina vyake aghalabu huazimwa kwa jirani wa bwenini, bali umo katika tafakuri, yaani insha fupi ya kueleza alichojifunza, ambamo mtu aliyeianza kazi usiku wa kuamkia siku ya kukusanya huapa kwamba zoezi limempanua fikra na kumfanya mhandisi bora. Mhadhiri husoma lundo zima la tafakuri hizo, zinazofanana kama matofali ya tanuri moja, kisha huzipa alama za juu katika kipengele cha upekee.