Shajara ya Pikapu, Kabuku

Jumatatu. Mshale wa mafuta umesimama nusu. Husimama nusu tangi likijaa, husimama nusu likikauka, kwa hiyo tunapima kwa kijiti. Utingo amekizamisha, akakitazama, akakinusa, akasema, "Bosi, kimelowa." Sikupata maelezo zaidi. Kituoni dada wa pampu amesema dizeli imeisha, gari la mafuta liko njiani kutoka Tanga. Ijumaa pia lilikuwa njiani.

Jumanne. Dizeli hakuna kituo chochote. Kesho ni Jumatano ya kwanza ya mwezi, siku ambayo EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati, hutangaza bei kikomo, na kijiweni wanasema bei inapanda. Sitaki kuyaunganisha mambo hayo mawili. Kuficha mafuta kwa kungojea bei ni kosa, na mwaka 2023 kuna vituo nchini vilivyofungiwa kwa kosa hilo. Machungwa yamelala garini. Nzi wameamka.

Jumatano. Bei mpya imeanza saa 6:01 usiku. Alfajiri dizeli ipo kila kituo, ingawa hakuna mtu aliyeona gari la mafuta likiingia. Kijiweni walikuwa sahihi. Kituo kinaruhusiwa kuuza chini ya bei kikomo ili kushindana na wenzake. Vya Kabuku vinashindana kwa rangi ya paa.

Tangi la pikapu ni la lita 60. Pampu imesoma 63, na kumbuka kijiti kilikuwa kimelowa. Nimemwuliza dada. "Mjomba, si unaona joto la Kabuku? Tangi linatanuka." Nimeomba risiti. Mtandao hauko. Kila mwezi EWURA huwakumbusha wanunuzi kwamba risiti ndiyo ushahidi wao wakiuziwa kwa bei ya juu au wakiuziwa mafuta mabovu. Mimi sina risiti, kwa hiyo lita 63 zimeingia.

Alhamisi. Bodaboda mmoja amepiga *152*00# akasoma bei za wilaya kwa sauti. Handeni yetu ina yake na Korogwe ina yake, kwa sababu nauli ya kuyafikisha mafuta nayo imo ndani ya hesabu. Akadai Korogwe wana nafuu ya shilingi kadhaa kwa lita, akaondoka kwenda kujaza huko. Jioni amerudi juu ya lori la mkonge, yeye na pikipiki yake. Mafuta yalimkatikia Segera.

Usiku umeme umekatika. Mama mkwe amewasha koroboi na kuniuliza kwa nini mafuta ya taa siku hizi yanataka kulingana na dizeli. Nimemweleza kwamba mwaka 2011 Serikali ilipandisha kodi ya mafuta ya taa kwa sababu wafanyabiashara walikuwa wanayachanganya kwenye dizeli, na kodi zikikaribiana uchakachuaji haulipi. Amefikiri. "Sasa mwanangu, mimi nilimchanganyia nani?" Nimekwenda kulala.

Ijumaa. Pikapu imezimika njiani kwenda Michungwani, mlimani, mabasi ya Arusha yakitupigia honi kana kwamba tumesimama kwa hiari. Fundi amefika, amechovya kidole kwenye dizeli, amenusa, ametamka: imechakachuliwa. Tangu 2010 mafuta ya kutumika nchini hutiwa vinasaba vya kuyatambulisha, na mkaguzi huja na kifaa cha kuvipima. Fundi ana pua. Amenusa mara ya pili, akasema ni chujio. Amedai hela ya mara zote mbili.

Ilipowaka imetoa moshi hadi utingo nikawa namsikia tu. Tangu 2015 dizeli ya Afrika Mashariki haitakiwi kuzidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Pikapu haijaarifiwa.

Jumamosi. Jirani mwenye mashine ya kusaga ameongeza bei ya debe, nimekwenda kulalamika. Amenijibu kwa kirefu. Mwaka 2017 Serikali ilifuta ada ya leseni ya magari ya kila mwaka, sisi wenye magari tukashangilia, kisha ikaongeza shilingi 40 kwenye kila lita ya mafuta. Mashine yake inakunywa dizeli na haijawahi kutoka chumbani. "Kwa hiyo, kaka, leseni ya barabara ya gari lako nakulipia mimi." Nimeutafuta uongo humo, sikuuona. Nimelipa bei mpya ya debe.

Jumapili. Amekuja mtu kutoka Korogwe kuitazama pikapu, anataka kununua. Ameuliza ya mwaka gani. Ameuliza injini ni cc ngapi. Amepiga teke tairi. Forodhani nako, teke likiondolewa, maswali ni hayohayo: ushuru wa bidhaa wa gari dogo hupanda kwa ukubwa wa injini, na likifikisha miaka minane linaongezewa mwingine wa uchakavu. Tumeilinda lita kwa bei, kwa vinasaba, kwa salfa na kwa dakika moja baada ya saa sita usiku. Lita ikishaingia kwenye tangi, kila mtu na gari lake.

Lita moja inakwenda kilomita ngapi? Hakuuliza. Ameacha nusu ya hela, nusu nyingine mwisho wa mwezi, na utingo amemkabidhi kijiti.