Umbea Usio na Dhambi

Miaka minne mfululizo nilikwenda likizo Jambiani na riwaya moja nene ya Kirusi. Siitaji jina, kosa si lake. Ilipanda boti nami, ikapata joto mkobani, ikarudi Dar es Salaam na ileile tiketi ya boti niliyoitia alama ukurasa wa 11. Mwaka wa tano niliichukua tena, kwa heshima tu, lakini kando yake nikatia Spare ya Mwanamfalme Harry. Hiyo niliimaliza kwa siku mbili, nimelala chali kwenye kitanda cha kamba, mafuta ya nazi yakimtonea mwenyewe usoni pale jaladani.

Tangu hapo mimi ni wakili wa tawasifu za watu mashuhuri, wala sidai malipo. Wasomi wanazibeza eti hazina kina. Na bahari ya Jambiani je? Maji yakipwa unatembea hadi kwenye mashamba ya mwani hujalowa magoti, na bado watu wanapanda ndege kuifuata.

Tazama zinavyosomwa. Nyingi zina karatasi laini za picha katikati. Unaanzia hapo, unakwenda kwenye talaka, unarudi kwenye ugomvi wa ndugu. Utoto unauruka, maana kila nyota alikuwa mtoto asiyeeleweka. Usingizi ukikuchukua kitabu kikakuangukia puani, unakifungua popote na hujapitwa na kitu. Mcheza kikapu Charles Barkley aliwahi kulalamika kwamba amenukuliwa vibaya katika tawasifu yake mwenyewe. Ikiwa mwenye maisha hakuisoma vizuri, mimi msafiri nitaulizwa nini?

Lakini fadhila yake kubwa ni ya kidini. Bibi yangu alitufundisha kuwa ghiba ni kumsema mwenzio nyuma yake kwa jambo asilopenda litajwe. Sasa Harry kanisimulia kwa hiari yake, na pesa kanitoza, kwamba alirudi kutoka safari ya Ncha ya Kaskazini baridi imemwunguza mahali pasipotajwa mbele ya mkwe, akaenda hivyohivyo kwenye arusi ya kaka yake mwaka 2011. Kanisimulia kaka huyohuyo alivyomsukuma akaangukia bakuli la mbwa likavunjika. Hapo nimemsengenya nani? Siku ya kwanza tu, Januari 2023, nakala milioni 1.4 za Kiingereza zilikwenda Marekani, Kanada na Uingereza. Wambea wote hao, na hakuna hata mmoja mwenye dhambi.

Dhambi, kama ipo, aibebe J. R. Moehringer aliyekodiwa kumwandikia. Fundi huyo! Ndiye aliyemwandikia Andre Agassi kitabu cha Open, 2009, ambamo bingwa wa tenisi anakiri kuwa zile nywele zake maarufu zilikuwa za bandia, zikafumuka usiku wa kuamkia fainali ya Ufaransa ya 1990, zikashikizwa kwa vibanio, na uwanjani akamwomba Mungu, si ashinde, bali zisidondoke. Akafungwa. Nywele zikabaki. Nitajie riwaya yenye dua iliyojibiwa kwa usahihi namna hiyo.

Na sisi watu wa pwani tusijitie hatumo. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said, aliondoka Unguja 1866 kwa ajili ya Mjerumani, na 1886 akachapisha huko Ujerumani mambo ya ndani ya jumba: masuria, wivu, na jinsi yeye, kwa kuwa alijua kuandika, alivyokuwa karani wa njama ya kaka yake Barghash dhidi ya kaka yao Majid. Ule ugomvi haukuishia kwenye bakuli la mbwa, ulilia risasi. Harry kachelewa miaka 137.

Nilipoondoka Jambiani mwaka ule wa tano niliviacha vitabu vyote viwili kwenye rafu ya nyumba ya wageni. Mwaka uliofuata nikamkuta Harry amevimba kwa unyevu, mchanga umejaa kwenye mshono, uso umebabuka kwa mikono ya watu. Mrusi alikuwa ubavuni pake, jalada linang'aa, tiketi yangu bado iko ukurasa wa 11.