Muulize Babu Kamani: Ufunguo Umebaki Mkononi

*Babu Kamani, shikamoo. Nina saa ya mkono aliyoniachia marehemu baba. Aliinunua mwaka 1974 akiwa kibarua wa reli ya TAZARA, na mpaka leo inatembea. Shida ni ule ufunguo wa pembeni: nikiuvuta ili nisogeze mishale, unatoka wote na kijiti chake. Nikiurudisha unaingia, nikiinamisha mkono unadondoka. Jana umedondokea kwenye jaruba, nimeutafuta mpaka magharibi. Mke wangu anasema marehemu anadai saa yake. – Mwana wa Reli, Malinyi*

Marahaba, mjukuu wangu, na pole kwa jaruba. Marehemu mwache apumzike. Anayekusumbua ni skrubu moja, ndogo kuliko chenga ya mchele.

Kitazame kijiti chako vizuri, utaona kimechongwa kamfereji kukizunguka. Humo ndimo linamokaa jino la komeo dogo la chuma, na komeo hilo hushikwa na skrubu. Skrubu ikilegea, jino linatoka mferejini, nawe unabaki na ufunguo kama mtu aliyeng'oa kitasa. Kulegea kwenyewe si uchawi: miaka 50 inavutwa na kusukumwa, halafu uipandishe bodaboda kutoka Lupiro hadi Malinyi! Njia ile hata meno yangu hayaiamini.

Kaa mezani, mbali na mashine ya kukoboa na pumba zake, utandike kitambaa cheupe. Fungua kifuniko cha nyuma. Ingiza kijiti huku ukikizungusha polepole mpaka kifike mwisho, ukishikilie hapo kwa kidole. Skrubu yenyewe iko karibu na pale kijiti kinapoingilia. Ikaze kwa bisibisi inayoenea sawasawa. Ikigoma, nawe acha. Sasa vuta ufunguo. Ukisikia "tik" na kijiti kikabaki mahali pake, mwite mama watoto aje aone.

Ila angalia usikosee upande. Ukilegeza badala ya kukaza, mizunguko michache tu komeo linaangukia chini ya uso wa saa, na kulirudisha lazima mishale na uso ving'olewe. Hiyo kazi si yako. Na kama skrubu imekaza lakini kijiti bado kinatoka, basi jino au mfereji umelika, mpelekee fundi saa Ifakara. Siku hizi Kilombero inavukwa kwa daraja, kivuko si kisingizio tena. (Wenye Seiko msihangaike kutafuta skrubu hiyo, nyingi zina kitufe cha kubonyeza badala yake.)

*Babu, yangu nayo ilikuwa hivyohivyo, nikaibandika kwa supagluu. Sasa ufunguo hautoki, lakini pia hauzunguki. – Nimewahi, Mtimbira*

Ahsante kwa kuomba ushauri baada ya kazi kuisha. Gundi imeingia ndani ya mashine. Usiongeze mafuta ya taa wala ya kupikia, na usiulazimishe kwa koleo. Peleka kwa fundi, na umwambie ukweli kabla hajafungua. Mafundi tunasamehe gundi, hatusamehi kufichwa.

*Babu Kamani, kila usiku saa nne mume wangu anageukia ukutani, nasikia "kriki kriki kriki" kwa muda mrefu. Nikimuuliza anasema anajaza saa. Inawezekana? – Nisiyelala, Ifakara*

Inawezekana kabisa, binti yangu, na mumeo ana adabu nzuri. Saa ya kamani hujazwa mara moja kwa siku, wakati uleule, na nyingi hutosheka kwa mizunguko 20 hadi 30. Ufunguo ukianza kuwa mgumu, anatakiwa aache. Wewe hesabu kimyakimya. Kisha asubuhi igeuze saa yake uitazame nyuma, na ukikuta ni ya betri, niandikie tena haraka.